Sanduku la Maswali: Kutoka Katuba hadi Kampemba kupitia London

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona data haifuati njia fupi? Tumechagua tano. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu inawagusa wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi.

Duka na depo

*Papa mhariri, tuna duka la dawa Katuba na depo Kampemba. Programu ya stoki iko kwenye seva ya depo. Duka linatumia kampuni moja ya intaneti, depo inatumia nyingine. Tukipima mwendo tunaona megabiti 10 pande zote mbili, lakini kufungua fomu moja ya stoki kunachukua sekunde 15. Ping inaonyesha milisekunde 350, wakati mwingine zaidi. Na kutoka duka hadi depo ni kilomita 4 tu! Tubadilishe ruta? — Mama wa duka la dawa, Katuba*

Mama, usinunue ruta. Laini zako zote mbili ni nzima, na kipimo cha mwendo hakikukudanganya, ila kilipima kitu kingine. Megabiti 10 ni upana wa barabara. Milisekunde 350 ni muda wa kwenda na kurudi, na huo ndio unaoiumiza programu yako. Programu za stoki huiuliza seva swali, zikangoja jibu, ndipo zikauliza lingine. Fomu moja ikihitaji maswali 40 yanayofuatana, zidisha 40 kwa sekunde 0.35: unapata sekunde 14. Hata ukilipia megabiti 100, sekunde hizo 14 zitabaki palepale.

Sasa hizo 350 zinatoka wapi? Intaneti si kampuni moja. Ni mitandao zaidi ya 70,000, kila mmoja una mwenyewe, mafundi wake na mikataba yake. Data hutoka mtandao huu ikaingia ule pale tu ambapo wenye mitandao wamepatana na kuunganisha ruta zao. Antena za kampuni ya duka na za kampuni ya depo huenda zinaonana kwa macho, lakini kama kampuni hizo hazijaunganishwa hapa mjini, pakiti ya Katuba, yaani kipande cha data kinachotoka dukani, haina budi kupanda hadi mahali ambapo zote mbili zina mtu wa kuzikutanisha. Mara nyingi mtu huyo ni kampuni kubwa inayouza tranziti, yaani kubeba data ya mitandao mingine hadi popote, na ruta yake iko Johannesburg, Marseille au London.

Chukua London. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja. Kutoka Lubumbashi kuteremka Kasumbalesa, kuvuka Zambia na kufika pwani ya Afrika Kusini, tuweke kilomita 3,000. Kebo ya baharini ya WACS kutoka pwani hiyo hadi Uingereza ina kilomita 14,530. Jumla 17,500 hivi. Swali la duka linakwenda London, linarudi Kampemba. Kisha jibu la depo nalo linapanda London na kushuka Katuba. Ni safari nne za 17,500, yaani kilomita 70,000. Gawanya kwa 200: milisekunde 350, namba ileile uliyoiona. Hakuna kilichoharibika njiani. Njia yenyewe ndiyo ndefu.

Usituamini kwa maneno, pima. Kwenye kompyuta ya Windows ya duka andika *tracert*, amri inayoorodhesha ruta zote za njiani na muda wa kuzifikia, na anwani ya nje ya depo. Kisha fanya vivyo hivyo kutoka depo kuja duka, kwa sababu njia ya kurudi mara nyingi si ile ya kwenda. Tafuta mstari ambapo muda unaruka ghafla, kwa mfano kutoka 45 hadi 190: hapo ndipo kebo ya baharini ilipo. Majina ya ruta nayo husema. Mafundi hupenda kuweka ndani yake alama za miji au viwanja vya ndege: *jnb* ni Johannesburg, *cpt* ni Cape Town, *lon* au *lhr* ni London, *mrs* ni Marseille. Ukikuta *lon* katikati ya Katuba na Kampemba, chapisha karatasi hiyo. Itakusaidia ukienda kwa watoa huduma.

Dawa ya haraka ni kuweka laini ya kampuni ileile pande zote mbili, hata kama upande mmoja itakuwa laini ya pili. Data haitatoka nje ya mtandao huo. Lakini kabla ya kutia sahihi uliza trafiki yao ya Lubumbashi inageukia wapi. Ikiwa ruta kuu iko Kinshasa, pakiti zako zitakwenda Kinshasa na kurudi. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,570 hivi, na kebo hainyooki; weka 2,000. Safari nne ni 8,000, yaani milisekunde 40. Fomu yako itafunguka kwa sekunde 1.6. Si ajabu ya dunia, ila kazi itaendelea.

Dawa ya pili ni radio ya gigahezi 5 kutoka paa hadi paa, bila kampuni yoyote katikati. Muda utashuka chini ya milisekunde 5. Masharti yake ni makali. Kuonana kwa macho hakutoshi: kwa kilomita 4, mawimbi yanahitaji nafasi yenye nusu kipenyo cha mita 7 hivi katikati ya njia, na angalau asilimia 60 ya hiyo, mita 4 na kitu, iwe wazi kabisa kuuzunguka mstari. Miembe na mijakaranda ndiyo maadui. Radio iliyofungwa mwezi wa nane, mijakaranda ikiwa imepukutika, huanza kukatika mwezi wa kwanza majani yakiwa yamelowa. Panga urefu wa mlingoti ukifikiria masika. Na kuhusu ruhusa ya masafa, waulize ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, mapema.

Dawa ya kweli, lakini, iko mikononi mwa kampuni zenyewe. Lubumbashi ina kituo cha kukutania mitandao, LUBIX, kama Kinshasa ilivyo na KINIX tangu 2012. Ndani yake hakuna muujiza: ni swichi katika chumba chenye umeme wa uhakika. Kila kampuni inaleta waya mmoja, inaweka ruta yake, na trafiki ya jirani kwa jirani inaishia hapo. Leo hii, kampuni ya duka inalipa tranziti ili pakiti yako itoke nchini, na kampuni ya depo inalipa tranziti ili pakiti hiyohiyo irudi. Wanalipa mara mbili kuvusha kilomita 4. Inauma, kwa sababu bei hiyo mwishowe ni ya mteja.

Angalia tu usiridhike ukiambiwa "sisi tuko LUBIX". Kuchomeka waya hakutoshi. Ruta za kampuni hizo mbili lazima zitangaziane anwani zao, na wapo wanaotangaza nusu tu ya anwani walizonazo, au wanaoacha mlango wao ujae hadi pakiti zianze kumwagika jioni. Kwa hiyo uliza hivi, tena kwa maandishi: je, anwani hii ya depo yangu mnaitangaza pale, na kampuni ya pili mnaipokea? Muuzaji wa kaunta hatajua. Omba barua ifike kwa mafundi wa mtandao, na uambatishe zile karatasi mbili za *tracert*.

Kwa nini isichague njia fupi yenyewe?

*Ndugu wahariri, darasani tulifundishwa kwamba ruta hutafuta njia fupi. Kumbe sivyo? — Mwanafunzi, Kasapa*

Ndani ya mtandao mmoja, ndivyo. Kati ya mtandao na mtandao, sivyo.

Ndani, mwenye mtandao anaijua ramani yake yote, na programu ya ruta inaweza kupiga hesabu ya njia yenye gharama ndogo. Nje, hakuna aliye na ramani nzima. Itifaki ya BGP, yaani lugha ya mitandao ya kuambizana njia, ambayo toleo lake la 4 ndilo linaloendesha intaneti tangu miaka ya 1990, haitumi ramani. Inatuma matangazo: "anwani hizi zinafikika kupitia kwangu, na mitandao iliyopo katikati ni hii na hii." Ruta ikipokea tangazo moja kwa majirani watatu, kitu cha kwanza inachoangalia ni pendeleo aliloliandika mwenye mtandao. Urefu wa orodha ya mitandao unakuja baadaye, na hata huo unahesabu mitandao, hauhesabu kilomita. Mtandao mmoja unaoanzia Lubumbashi hadi London unahesabiwa hatua moja, sawa na mtandao wa mtaa mmoja.

Pendeleo hilo linafuata pesa. Njia inayopita kwa mteja ndiyo ya kwanza, kwa sababu mteja analipa. Inayopita kwa jirani mliyepatana kubadilishana bure ni ya pili. Inayopita kwa muuzaji wa tranziti ni ya mwisho, kwa sababu hapo wewe ndiye unayelipa. Na kuna upande mwingine wa kanuni hiyo: anwani ulizozisikia kwa muuzaji mmoja humtangazii muuzaji wa pili, la sivyo utawabebea trafiki yao bure. Kanuni hizo mbili zinaziba njia nyingi ambazo kwenye ramani zinaonekana wazi. Ndiyo maana waya upo, na data haipiti.

Na njia ikishachaguliwa, kila mtandao unapenda kuutoa mzigo mikononi mwake mapema, kwa mlango ulio karibu nao. Wewe unatoa trafiki yako Johannesburg, mwenzako anatoa ya kwake Kinshasa. Kwenda kunapita kusini, kurudi kunapita magharibi. Hilo si kosa.

Utauliza, kwa mpango wa namna hii, intaneti inafanyaje kazi? Jibu liko katika umbo lake. Mwaka 1999 ndugu watatu, Michalis, Petros na Christos Faloutsos, walionyesha kwamba mitandao haikuunganishwa kwa usawa: mingi sana ina majirani wawili watatu tu, na michache sana ina majirani mamia kwa maelfu. Hiyo michache ni kama masoko makubwa. Ukifika huko, karibu kila mtu umempata. Ndiyo sababu, ingawa mitandao ni zaidi ya 70,000, orodha ya kawaida ya mitandao ambayo pakiti inapita kutoka mwanzo hadi mwisho ni minne hivi. Hatua ni chache, lakini masoko yenyewe yako mbali na sisi. Mji ukijenga soko lake, umbo linabadilika na njia nazo zinabadilika. Ungetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo, pima njia kati ya kampuni za hapa mjini kila saa kwa miezi mitatu. Faida yake itaonekana.

Nyota tatu kwenye tracert

*Katikati ya tracert naona nyota tatu, halafu mistari inaendelea kama kawaida. Je, ruta hiyo imekufa? — Fundi, Ruashi*

Hapana. Ruta hiyo inapitisha pakiti ila imekatazwa kujibu, au inajibu kwa uvivu kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kupitisha. Ndiyo sababu pia mstari wa katikati ukionyesha 300 na unaofuata ukaonyesha 60, usijali 300. Wasiwasi uanze pale ambapo muda unapanda na kubaki juu hadi mstari wa mwisho, au nyota zinapoanza na haziishi.

Laini mbili zinazokufa pamoja

*Nina siber Kamalondo. Nililipia laini mbili za kampuni tofauti nisikose rezo. Mara mbili zimekatika kwa saa ileile. Na siku nyingine laini ya kwanza ikikufa, ruta yangu ya MikroTik haihamii ya pili mpaka niizime kwa mkono. — Mwenye siber*

Papa, hayo ni magonjwa mawili.

La kwanza: majina mawili kwenye bili si lazima yawe njia mbili ardhini. Kampuni zote mbili zinaweza kuwa zimekodi nyuzi ndani ya kebo moja kando ya barabara ya Kasumbalesa, na shoka moja la wachimba mtaro likaziua zote. Hata baharini ni hivyohivyo. Tarehe 6 Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, katika korongo la mto Kongo, yalikata kebo za WACS na SAT-3 kwa pamoja. Tarehe 12 Mei 2024, upande wa mashariki, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja karibu na Afrika Kusini. Kwa hiyo unapotafuta laini ya pili, usiulize bei kwanza. Uliza: inatokea mpaka gani, na inashukia pwani gani? Ikiwa ya kwanza inakwenda kusini, tafuta inayokwenda Kinshasa na Muanda. Satelaiti ya juu, ile ya kilomita 35,786, haitegemei barabara yoyote ya hapa, lakini kwenda na kurudi peke yake ni karibu milisekunde 480. Inafaa kwa ujumbe na barua; kwa simu za video itawaudhi wateja.

La pili ni la mpangilio. Ruta yako inapigia ping geti la kampuni, yaani antena iliyo juu ya paa lako au ruta iliyo mwanzo wa njia. Geti hilo linaendelea kujibu hata kebo ikikatwa Zambia. Kwa hiyo ruta inaamini kwamba mambo ni shwari. Ifanye ipime mbali, kwa seva za umma zenye anwani 8.8.8.8 na 1.1.1.1.

Tengeneza njia ya kwenda 8.8.8.8 peke yake kupitia geti la laini ya kwanza, *scope=10*. Tengeneza nyingine ya kwenda 1.1.1.1 kupitia geti la laini ya pili, *scope=10* vilevile. Kisha weka njia kuu ya 0.0.0.0/0 (ya kwenda kokote kwingine) yenye geti 8.8.8.8, *distance=1*, *target-scope=11*, *check-gateway=ping*; na ya akiba yenye geti 1.1.1.1, *distance=2*, mengine yaleyale. Ruta itapiga ping kila sekunde 10, na ikikosa majibu mawili mfululizo itahamia laini ya pili. Ni kama sekunde 20.

Wengi wanakwama hapa: wanasahau kuzima njia kuu inayoletwa yenyewe na DHCP, huduma ya kugawa anwani, nayo inakaa *distance=1* na kuharibu mpango wote. Au wanaacha kompyuta za siber zitumie 8.8.8.8 kama DNS, yaani seva inayotafuta anwani za majina ya tovuti. Anwani hiyo sasa imefungwa kwenye laini ya kwanza. Laini ikifa, majina ya tovuti nayo hayapatikani, na mteja anasema hakuna rezo wakati laini ya pili ni nzima. Chagua DNS nyingine. Hakikisha pia NAT (kugeuza anwani za ndani kuwa ya nje) imewekwa kwa milango yote miwili. Na ujue kwamba simu na VPN (miunganisho ya siri) zitakatika wakati wa kuhama, kwa sababu anwani ya nje inabadilika. Hilo haliepukiki kwa laini za kawaida. Dawa yake iko katika jibu linalofuata.

Kuwa na anwani zako mwenyewe

*Sisi ni vijana wanne, tunagawa intaneti kwa radio Likasi, wateja 300. Tunanunua kwa kampuni mbili. Tuanzeje kuwa na namba yetu ya mtandao? — Mafundi, Likasi*

Hongereni. Mkishakuwa na namba na anwani zenu, laini moja ikikatika, anwani zilezile zinaendelea kufikika kwa laini ya pili, na VPN za wateja zinarudi bila kubadilisha kitu.

Mwombeni AFRINIC, shirika linalogawa namba za intaneti Afrika, lililo Morisi. Ombeni namba ya mtandao (inayowatambulisha kwa mitandao mingine), anwani za IPv4 (za mfumo wa zamani) na za IPv6 (za mfumo mpya) kwa pamoja. Tangu Januari 2020 IPv4 zimekuwa haba, na ombi moja halizidi anwani 1,024. Lakini msiende chini ya 256, yaani kifungu cha /24: kilicho kidogo kuliko hicho karibu mitandao yote duniani hukitupa, na mtakuwa na anwani zisizofikika.

Msijaze ruta yenu jedwali la njia za dunia nzima. Lina njia zaidi ya 900,000 za IPv4 peke yake. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali lilipovuka 512,000, ruta za zamani zilizokuwa na nafasi hiyo tu zilizidiwa, na mitandao ikayumba nchi nyingi. Kwa wateja 300, ombeni kila kampuni iwape njia kuu tu pamoja na njia za wateja wake.

Kisha wekeni kichujio cha kutoka, na hapa hatutanii: ruta yenu iruhusiwe kutangaza anwani zenu tu, basi. Mkisahau, mtachukua yale mliyoyasikia kwa kampuni A na kuyatangaza kwa kampuni B. B itawaona ninyi ni wateja wake, na kama tulivyomweleza mwanafunzi wa Kasapa, njia ya mteja hupendelewa kuliko zote. Trafiki ya watu wasiowajua itamiminika kwenye radio zenu za Likasi, na mtandao wenu utazama pamoja na wateja wenu.

Siku hiyohiyo sajilini anwani zenu katika RPKI, mfumo wa kuthibitisha mwenye anwani, kwa cheti kinachosema namba gani ina haki ya kuzitangaza, na urefu wa kifungu uandikwe ule mnaoutangaza kweli. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan, ikitaka kuifunga YouTube nchini mwake, ilitangaza kifungu cha anwani 256 kilichokuwa ndani ya kifungu cha YouTube cha 1,024. Tangazo likavuja nje. Kwa kuwa ruta hufuata kifungu chembamba zaidi bila kuuliza ni cha nani, YouTube ikapotea duniani kwa karibu saa 2. Cheti hakizuii kila uovu, ila mitandao inayokagua italitupa tangazo la namna hiyo.

Kuchagua laini ya kuingilia ni kugumu kuliko ya kutokea. Desturi ni kurudia namba yenu mara mbili tatu katika tangazo la laini ya akiba ili ionekane ndefu. Mara nyingine haisaidii, kwa sababu pendeleo hutangulia urefu. Hapo ongeeni na kampuni iwashushie pendeleo kwenye ruta yake.

Jambo la mwisho ni saa za BGP. Ruta nyingi husubiri sekunde 180 bila kusikia jirani ndipo zikubali kwamba amekufa. Kwenye radio, waya wa mlingoti unaweza kuonekana mzima huku upande wa pili umezimika, na dakika 3 zikapita bure. Washeni BFD, kipimo cha haraka cha kujua kama jirani yuko hai. Vitabu vingi hupendekeza milisekunde 300 mara 3. Kwa radio inayotikiswa na mvua sisi tungeweka sekunde 1 mara 3, laini isije ikaruka juu chini kila wingu likipita. Na mkishapata namba, kabla ya kununua tranziti zaidi, kodini njia hadi LUBIX. Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi: milisekunde 2 kwenda na kurudi kwa nyuzi, na wateja wenu wataifikia depo ya Kampemba bila kutoka Haut-Katanga, mradi kampuni ya depo iwe imetangaza anwani zake hapo.